Ini la Dubu na Kidonge cha Dukani

Mteja akiniambia, "Dada, vitamini zikizidi si unazikojoa tu?" humsimulia habari za mabaharia wa Mholanzi Willem Barentsz. Mwaka 1597, wakiwa wamekwama kwenye barafu ya visiwa vya Novaya Zemlya, walipika ini la dubu mweupe. Liliwanogea, kisha wakaugua wote. Watatu walizidiwa hadi ngozi ikawabambuka kuanzia nyayo hadi utosi. Mwenzao Gerrit de Veer ndiye aliyeandika kisa hicho. Sababu ilikuja kujulikana baadaye sana: mwaka 1943, watafiti Rodahl na Moore walipima maini ya dubu hao na kukuta vitamini A nyingi kupindukia.

Vitamini C ikizidi, kweli, nyingi hutoka na mkojo. Lakini A huyeyuka kwenye mafuta, ikajilimbikiza kwenye ini la mlaji. Ndiyo maana mama mjamzito akija dukani kwangu, kwanza namwomba atoe mkobani kila anachomeza. Nageuza makopo, nasoma lebo: majina mawili tofauti, retinoli ile ile, yaani vitamini A. Ikizidi, yaweza kumlemaza mtoto tumboni. Hapo la tatu simuuzii, hata akibembeleza.