Udongo wa kusafishia rangi ya gari

Udongo wa kusafishia rangi ya gari (pia kleibaa) ni kinamo cha sintetiki kinachopitishwa juu ya rangi ya gari iliyooshwa na kuloweshwa, ili kung'oa uchafu ulioganda ambao sabuni na maji vimeshindwa kuutoa. Hutumika kabla ya kupiga polishi na waksi. Katika gereji za rangi hutumika pia kuondoa vitone vilivyorukia kioo, taa au gari la jirani wakati fundi akipuliza. Pamoja na jina lake, hauna uhusiano na udongo wa mfinyanzi, ambao una mchanga na huharibu rangi mara moja.

Makala hii inautazama zaidi kwa upande wa Tunduma na mkoa wa Songwe, ambako barabara kuu ya Dar es Salaam–Lusaka na reli ya TAZARA hukutana na mpaka wa Zambia mahali pamoja.

Asili

Udongo huu ulianzia Japani, ambako gereji za rangi ziliutumia kabla haujajulikana kwingine. Mvumbuzi anayetajwa katika hataza za Marekani ni Tadao Kodate. Mbili kati ya hizo zilitolewa mwaka 1995 na 1998. Nchini Marekani kampuni ya Auto Wax ya Dallas, Texas, iliuuza kwa jina la Clay Magic, na iliwafikisha mahakamani washindani ikidai wameingilia haki zake za hataza. Muda wa hataza ulipokwisha, watengenezaji wakawa wengi, Wachina wakiwemo.

Kabla ya hapo vumbi la chuma lilitolewa kwa asidi ya oksaliki, na rangi iliyorukia ilikwanguliwa kwa wembe au msasa wa maji, kazi ambayo fundi mwenye mkono mzito huimaliza kwa kupiga rangi upya.

Muundo

Ni mchanganyiko wa resini laini, mara nyingi ya jamii ya polibuteni, na unga laini sana wa madini unaokwangua. Huuzwa kwa vipande vya gramu 50 hadi 200, vya madaraja matatu: laini, wa kati na mkali. Rangi ya kipande haina kanuni moja. Wa buluu wa kampuni hii unaweza kuwa mkali kuliko mwekundu wa kampuni ile, kwa hiyo maandishi ya kwenye pakiti ndiyo ya kufuata. Plastisini ya watoto wa shule haifai kuwa mbadala: haina unga wa kukwangua na huacha mafuta.

Uchafu unaolengwa

Gari lililooshwa vizuri linaweza kung'aa kwa macho na bado likakwaruza likipapaswa. Ukwaruzaji huo hutokana na chembe zilizojishika juu ya klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo katika magari mengi ya kiwandani lina unene wa mikroni 35 hadi 50 tu (milimita 0.035 hadi 0.05). Waksi ikipakwa juu ya chembe hizo huzifunika bila kuziondoa, na polishi ya mashine huzizungusha na kuacha mistari.

Chembe mbaya kuliko zote ni za chuma. Breki ya gari ikishikwa, pedi na diski au ngoma husagana na kutoa vumbi lenye chuma, ambalo hutoka likiwa na moto. Likitua kwenye paneli hujishika, kisha hupata unyevu na kuota kutu. Juu ya gari jeupe huonekana kama vidoa vya kahawia vilivyotapakaa chini ya milango na nyuma ya magurudumu, na wenye magari wengi hudhani bodi yenyewe imeanza kuoza. Mkoa wa Songwe una mazingira yote ya kuzalisha vumbi hilo. Malori yanayobeba shaba kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, na yale yanayorudi na mafuta na bidhaa, hukatiza mkoa mzima, hushuka mlima Senjele kwa breki, kisha husota kwenye foleni ya mpakani kwa kushika na kuachia. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma–Nakonde, kilichozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Rais John Magufuli pamoja na Rais Edgar Lungu wa Zambia, kilikusudiwa kufupisha foleni hiyo, lakini malori hayajaacha kupanga mstari. Gari dogo linaloegeshwa kila siku kando ya mstari huo hupokea masizi ya dizeli na chuma cha breki kwa pamoja.

Reli nayo ina sehemu yake. TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Hupita Mlowo, Vwawa na Tunduma. Magurudumu ya chuma yakisaga reli ya chuma hutoa chembe kama za breki, na magari yanayosafirishwa kwa treni au kuegeshwa karibu na njia ndiyo huathirika. Kwa kuwa treni za TAZARA ni chache ukilinganisha na malori, katika Songwe barabara ndiyo ya kulaumiwa kwanza.

Lami ni rahisi zaidi. Vitone vyeusi hurushwa na matairi wakati wa jua kali au pale barabara inapokarabatiwa, na hukaa chini ya milango na kwenye bampa ya nyuma. Udongo huvitoa, ingawa ni matumizi mabaya ya kipande cha bei: mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, yakifuatwa upesi na sabuni, huitoa lami vilevile. Desturi ya kusugua gari zima kwa mafuta ya taa au dizeli ili "liwake" ni jambo jingine. Mng'ao wake hudumu mpaka vumbi la kwanza, kisha vumbi hilo hushika kuliko mwanzo.

Uchafu mwingine ni wadudu wanaogonga boneti usiku, utomvu wa mikaratusi na miembe, vumbi la makaa ya mawe kwa wanaopita njia za Ileje, na kinyesi cha ndege. Saruji iliyoganda haitoki kwa udongo.

Utaratibu

Hatua ya kwanza ni kuosha, na ndiyo inayoamua mengine yote. Kati ya Mei na Oktoba magari ya wilaya za Mbozi na Momba mkoani humo hubeba vumbi jekundu lenye chembe ngumu za mchanga. Chembe moja ikinaswa ndani ya udongo, kila mpito wa mkono huwa mkwaruzo. Gari humwagiwa maji kwanza bila kuguswa, kuanzia juu kwenda chini, vumbi lishuke lenyewe. Ndipo huoshwa kwa sponji laini na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji. Tunduma ni mji wenye shida ya maji ya miaka mingi, na kishawishi cha kuruka hatua hii ni kikubwa. Kwa gari lenye vumbi zito hakuna njia ya mkato: maji yakiwa machache, kazi ya udongo iahirishwe.

Inayofuata ni kipimo cha mkono. Vidole huvishwa karatasi nyembamba ya plastiki na kupapasa paneli iliyolowa. Plastiki hukuza mguso, na chembe ambazo kidole kitupu hakizihisi hujitokeza. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini kifungashio cha mkate hutosha. Paneli inayoteleza iachwe. Mara nyingi rufu na boneti ndizo zenye uhitaji, na sehemu ya juu ya milango haina kitu.

Kipande cha kutosha kiganjani hukatwa, hukandwa mpaka kiwe laini, na kusawazishwa kama chapati ndogo. Asubuhi za Vwawa mwezi wa Juni na Julai zina baridi ya kukifanya kigumu kama raba. Kukitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu hukirudisha. Eneo la sentimita 50 kwa 50 hupuliziwa kilainishi, ambacho ni dawa ya dukani au shampuu ya gari iliyozimuliwa kwa maji. Sabuni ya unga ya kufulia haifai: punje zisizoyeyuka hukwaruza, na ukali wake hukausha rangi. Vilainishi vyenye spiriti huumomonyoa udongo wenyewe.

Kisha kipande huteleza kwa mistari iliyonyooka, huku na huku, bila kuzungusha na bila kukandamiza. Uzito wa vidole peke yake unatosha. Mwanzoni husikika mlio wa kukwaruza, na mkono huhisi udongo unakamatwa. Baada ya mipito kadhaa mlio hufifia, kipande huanza kuteleza bure, na hapo eneo hilo limekwisha. Kuendelea baada ya hapo hakuongezi usafi. Udongo ukikwama au kuacha alama, kilainishi kimepungua.

Baada ya kila eneo kipande hugeuzwa na kutazamwa. Upande uliofanya kazi juu ya gari jeupe la Tunduma kwa kawaida huwa na kivuli cha kahawia na nukta nyeusi. Hukunjwa, hukandwa tena, na uso safi hutolewa nje. Kikiwa cheusi kote hutupwa. Kilichoanguka chini hutupwa papo hapo, hata kikiwa kipya. Hakioshwi, kwa sababu mchanga umeshazama ndani.

Gari dogo huchukua saa moja hadi mbili. Likimalizika huoshwa tena, hukaushwa, na kupakwa waksi siku hiyohiyo, maana udongo umeondoa ulinzi wote uliokuwapo. Udongo wa kati na mkali huacha ukungu wa mikwaruzo midogo, dhahiri zaidi kwenye gari jeusi, na hapo polishi ni lazima kabla ya waksi.

Penye chuma kingi, dawa ya kuyeyusha chuma hutangulia. Kiambato chake cha kawaida ni chumvi ya asidi ya thioglikoli, yenye harufu ya mayai viza, ambayo hugeuka zambarau inapokutana na chuma. Udongo hukata sehemu ya chembe iliyochomoza. Dawa huifuata iliyozama. Haifanyiwi kazi juani, na haiachwi ikauke.

Mipaka na madhara

Udongo hauondoi mikwaruzo, rangi iliyopauka, wala alama zilizokwisha kuchimbwa na kinyesi cha ndege. Haufai kwenye rangi isiyong'aa, plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, wala juu ya stika. Kwa Hiace na malori yaliyojaa maandishi, kazi hupita kando ya herufi, vinginevyo kingo zake huinuka. Vioo na taa huweza kusafishwa.

Magari ya zamani yanataka uangalifu wa pekee. Rangi nyeupe ya Toyota yenye namba 040, iliyo kwenye Hiace na Land Cruiser nyingi, kwa miaka mingi ilipigwa bila klia. Kitambaa cha polishi kikigeuka cheupe juu ya gari la namna hiyo, ni rangi yenyewe inayotoka. Udongo laini hauidhuru, lakini kurudia mara kwa mara pamoja na polishi huipunguza. Gari lililopigwa rangi upya mtaani nalo lina hatari: fundi aliyepiga klia nyembamba, au aliyeharakisha kukausha, ameacha tabaka laini linaloshika mikwaruzo upesi. Rangi mpya ingojewe ikomae kwa wiki kadhaa.

Mara moja au mbili kwa mwaka zinatosha hata kwa gari la mpakani.

Katika Tunduma na Songwe

Songwe ulimegwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakiwa Vwawa. Sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 1.3. Tunduma, mji wake mkubwa, iko umbali wa kilomita 930 hivi kutoka Dar es Salaam kwa barabara.

Kundi la magari linalohitaji kazi hii kuliko mengine ni yale yaitwayo magari ya IT: yaliyotumika Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, na kuendeshwa moja kwa moja na madereva wa kukodi hadi Tunduma kwa ajili ya wanunuzi wa Zambia, Kongo na kwingineko. Gari la aina hiyo limekaa kwenye yadi za bandari mbili, limevuka bahari, kisha limefuata nyuma ya malori karibu kilomita elfu moja. Lifikapo huwa na chumvi, chuma, lami na wadudu kwa tabaka. Huoshwa haraka kabla ya kuvuka ili mwenye nalo alikute linang'aa, na uchafu ulioganda huvuka nalo kwenda Nakonde, upande wa Zambia.

Waosha magari wa kando ya barabara hufanya kazi kwa ndoo, sabuni ya unga, sponji na, kwa wenye mtaji, mashine ya presha. Hulipwa kwa gari, hivyo saa mbili za udongo juu ya gari moja haziwalipi. Kazi hiyo hubaki kwa wenye magari binafsi wanaoijua na kwa mafundi wa rangi.

Hali ya sasa

Vitambaa na glavu zenye uso wa polima, vinavyofanya kazi ya udongo kwa haraka zaidi, vimeuchukulia sehemu ya soko. Vyenyewe vikianguka chini huoshwa na kutumika tena.