Mjumbe Mmoja wa Nchi Ishirini na Saba

Kazi ya mjumbe tunaijua sote. Mwami akimtuma mtu kwa mwami wa jirani, yule anayepokea hatazami mtu aliyesimama mbele yake, humtazama aliyemtuma. Lakini ikiwa waliomtuma ni ishirini na saba, wala hawapatani kila siku, mjumbe atasema neno la nani? Jambo hili limetukia kweli kule Ulaya, nasi twataka kulieleza.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Tangu mwaka wa 1814 nchi za Norwei na Uswidi zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Kila nchi ilikuwa na bunge lake na sheria zake, lakini mambo ya nje yalikuwa mikononi mwa waziri mmoja, waziri wa Uswidi. Sasa Wanorwei ni watu wa bahari. Merikebu zao zilifika katika bandari za dunia nzima, na baharia akipata shida ng'ambo humwendea konsuli amtetee. Basi wakataka makonsuli wao wenyewe. Mwaka wa 1905 bunge lao likatunga sheria juu ya hayo. Mfalme Oscar wa Pili akakataa kuitia sahihi, na tarehe 7 Juni bunge likatangaza kwamba umoja umekwisha. Mwezi wa Agosti watu wakaulizwa: 368,208 wakakubali kutengana, 184 tu wakakataa. Umoja wa miaka 91 ukavunjika kwa ajili ya makonsuli! Bila shaka chini yake palikuwa na uchungu wa siku nyingi. Kwa maoni yetu, kosa halikuwa kuwa na wajumbe wa pamoja. Kosa lilikuwa kwamba ndugu mmoja alishika fimbo peke yake.

Wazungu wa siku zetu walianza kwa njia nyingine, yaani kwa biashara. Tarehe 9 Mei 1950 Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, alitoa shauri kwamba makaa ya mawe na chuma vya Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja. Nchi sita zikaungana, na mwaka wa 1954 jumuiya yao ikafungua ofisi Washington. Halafu, baada ya mapatano ya Yaoundé ya mwaka wa 1963, ambayo Kongo yetu, Rwanda na Burundi zilikuwamo, Jumuiya ile ikaweka watu wake huku Afrika pia. Hao hawakuwa mabalozi. Waliangalia kazi zilizolipwa na mfuko wa maendeleo, basi.

Neno la siasa likabaki kwa kila nchi. Matokeo yake yalionekana mwaka wa 2003, vita vya Irak vilipokuja: Uingereza, Hispania na Italia upande huu, Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji upande ule. Umoja ukawa bila sauti.

Wakatunga katiba iliyoweka waziri mmoja wa mambo ya nje. Mwaka wa 2005 Wafaransa na Waholanzi wakaikataa kwa kura. Wakatunga mapatano mengine Lisbon mwaka wa 2007, wakaliondoa jina la waziri, lakini kazi yenyewe wakaiacha. Wairlandi wakakataa mwaka wa 2008, wakakubali mwaka wa 2009, na tarehe 1 Desemba mwaka huo mapatano yakaanza kushika. Aliyechaguliwa kuongoza ni Mama Catherine Ashton, Mwingereza.

Ndipo ugomvi wa ndani ulipoanza. Watumishi watoke wapi? Tume ya Ulaya iliwataka wake, serikali zilitaka wao, na Bunge lilitaka kusimamia fedha. Nchi ndogo ziliogopa kwamba wakubwa watagawana vyeo vyote.  Tarehe 26 Julai 2010 ndiyo iliyoleta uamuzi: walau theluthi moja ya maofisa watoke katika serikali za nchi, na watu wa nchi zote wapate nafasi. Tarehe 1 Januari 2011 kazi ikaanza, na nyumba za wajumbe zaidi ya 130 duniani zikawekwa chini ya kazi hiyo.

Lakini tusidhani kwamba nchi zilitoa kila kitu. Hata leo kila nchi ina mabalozi wake: kule Kinshasa utaona ubalozi wa Ubelgiji na wa Ufaransa, na nyumba ya Umoja wa Ulaya pia. Biashara ilibaki kwa Tume. Na katika mambo mengi ya siasa ya nje, nchi moja ikikataa, mjumbe hunyamaza. Hapo hatuoni bado kwamba mlango umefunguka.

Wageni nao walikuwa na maswali. Septemba 2010 Umoja uliomba ruhusa ya kusema katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Nchi za Karibi zikaomba jambo liahirishwe, na kura ikawafuata. Walihofu kwamba nchi ndogo zitasukumwa nyuma. Tarehe 3 Mei 2011 ruhusa ikatolewa kwa kura 180, bila haki ya kupiga kura, pamoja na neno kwamba miungano mingine ya nchi nayo yaweza kuomba vilevile. Neno hilo lahusu Afrika pia.

Uingereza ilitoka katika Umoja tarehe 31 Januari 2020. Mwaka uliofuata ikasikika kwamba serikali yake haitaki kumpa mjumbe wa Umoja huko London heshima kamili ya balozi, eti Umoja si nchi. Na Mwingereza ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiongoza kazi hiyo! Wakabishana miezi kadhaa. Mwezi wa Mei 2021 wakapatana, naye mjumbe akapokewa kama mabalozi wengine.