Kuki za Mtandaoni: Umekubali Nini Ukibonyeza "Accept All"?

Uko kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, data imebaki kiasi, unataka tu kucheki matokeo ya mechi. Tovuti inafunguka, na kabla usome hata kichwa cha habari, kijisanduku kinafunika nusu ya skrini: wanatumia cookies, ubonyeze "Accept All". Kidole kinabonyeza chenyewe, si ndio? Wengi wetu tuko hivyo. Lakini msee, ni poa ujue umetia sahihi kwa nini.

Kuki ni nini hasa?

Kuki, ambazo kwenye Kiswahili sanifu utaziona zikiitwa vidakuzi, ni maandishi mafupi ambayo tovuti inaacha ndani ya brauza ya simu au kompyuta yako. Si virusi na si programu. Zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, injinia wa kampuni ya Netscape huko Marekani, sababu tovuti za wakati huo zilikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kila ukifungua ukurasa mpya, ilikuwa kama hujawahi kufika hapo.

Fikiria kadi ya kliniki. Kadi unatembea nayo wewe, na mara nyingi ina namba tu. Faili yenye story yako yote iko kliniki. Ukionyesha kadi, wanaitoa. Kuki ndio hiyo kadi. Ndio maana ukiweka raba kwenye kikapu cha duka la mtandaoni usiku, asubuhi unazikuta bado zimekungoja. Na ndio maana pia ukifuta kuki, umetupa kadi tu. Faili bado iko kwao.

Kuna kuki zinazokufa ukifunga brauza, na kuna zile zinazokaa miezi. Chrome yenyewe huziwekea mwisho wa siku 400.

Raba zinakufuata hadi kwenye habari

Sasa noma iko hapa. Ulicheki raba kwa duka moja. Kesho yake unasoma habari kwenye tovuti nyingine kabisa, na raba zilezile ziko pale kando, zinakukonyeza. Nani alisema?

Tovuti nyingi hubeba vipande vya kampuni zingine: tangazo, video, kitufe cha "Like". Kila kipande kinaweza kuweka kuki yake. Ni kama jamaa mmoja mwenye daftari amesimama mlangoni pa duka la simu, pa chemisti, pa stage ya matatu na pa lango la feri. Hakujui jina, lakini amekubandika alama, na kila mahali akikuona anaandika. Baada ya mwezi anajua unanunua nini, unaumwa na nini na unabeti wapi. Hizo ndizo kuki za mtu wa tatu, na biashara ya matangazo imezitegemea kwa miaka.

Safari na Firefox huzizuia bila hata kuambiwa. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaziondoa kwenye Chrome, kisha ikaahirisha mara kadhaa na mwishowe ikaachana na mpango huo. Simu nyingi mtaani ni Android, na Chrome huja nayo. Kwa hivyo hiyo kazi ni yako.

Kwa saiba, chunga zaidi

Kama unafanya mambo yako kwa saiba, iwe ni eCitizen, KRA, HELB ama kutuma CV, tangazo la raba ndilo shida ndogo. Ukishaingia kwenye akaunti, kuki ndiyo inaiambia tovuti "huyu ni yule yule, usimuulize tena". Ukifunga dirisha kwa ile X bila kubonyeza Log out, kuki inaweza kubaki hai. Anayekalia kiti baada yako anafungua tovuti ileile na anajikuta ndani. Haulizwi password wala ile kodi ya SMS.

Wezi wa mtandaoni wanalijua hilo vizuri. Machi 2023 chaneli kubwa ya YouTube, Linus Tech Tips, ilitekwa kwa njia hiyo. Mfanyakazi alifungua faili bandia, ikaiba kuki za brauza, na password haikuwa na kazi tena. Kwa hivyo zile apu unazotumiwa WhatsApp na mtu humjui, waachie wenyewe.

Ile Incognito inasaidia, lakini si ninja. Ukifunga madirisha yake yote, inafuta kuki zilizokusanywa humo. Haikufichi kwa tovuti unayoitembelea. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kuwafuatilia watu wakiwa Incognito, na 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi.

Sheria ya Kenya iko upande wako

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema unaweza kuondoa ruhusa uliyotoa wakati wowote, na ni kazi ya kampuni kuthibitisha kwamba kweli ulikubali. Kanuni za 2021 zinataja hadi kuki: kukuonyesha tangazo kwa kutumia data iliyokusanywa na kuki ni kutumia data yako kibiashara.

Mwenye rungu ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC. Septemba 2023 iliipiga klabu ya Casa Vera ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Hiyo haikuwa kesi ya kuki, lakini swali ni lilelile: uliruhusu ama hukuruhusu? Malalamiko unayapeleka kupitia odpc.go.ke, na sheria inawapa siku 90 kuyamaliza.

Fanya hivi leo

Kwenye Chrome ya simu, ingia Settings, kisha Site settings, kisha Third-party cookies, uzizuie. Tovuti nyingi zitaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Kijisanduku kikitokea, tafuta "Reject" ama "Manage". Kama wameficha cha kukataa, jiulize kwa nini. Ufaransa ilizitoza Google na Facebook faini za mamilioni ya yuro Januari 2022 kwa kufanya kukataa kuwe kugumu kuliko kukubali.

Kwa saiba, fungua Incognito, maliza kazi, bonyeza Log out, kisha funga madirisha yote. Brauza ikiuliza kama ihifadhi password, kataa.

Umekumbuka ukiwa tayari umevuka feri kwamba hukutoka? Usirudi mbio. Kwa simu yako ingia kwenye akaunti, tafuta orodha ya vifaa vilivyoingia, utoe ile kompyuta, kisha ubadilishe password.

Na simu ikiwa ni ya kushea na ndugu ama mzazi, mwonyeshe pia. Kuki haijui nani ameshika simu. Inajua simu tu.