Moto, Joto na Mawimbi: Historia ya Istilahi Moja

Wafasiri wa maandishi ya kemia ya viwandani hukutana na mbinu ya kuchochea mmenyuko, hasa ule wa kuunganisha molekuli ndogondogo ziwe polima, kwa nishati ya mawimbi badala ya moto. Wapo waliokwisha kuiandika “kupasha moto kwa mawimbi mafupi”. Twaona tafsiri hiyo ina kasoro mbili, na ya kwanza yaelezwa vyema na historia ya kazi za joto katika Unyamwezi.

Kiswahili kilipanda Tabora pamoja na misafara ya pwani katika karne ya 19. Huko kilikuta mafundi walioijua kemia kwa mikono yao. Wafua chuma wa Usumbwa, ambao majembe yao yaliuzwa Tabora, waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto. Makaa yale hayakuwa kuni tu, kwani ndiyo yaliyoondoa oksijeni katika mawe. Warina asali walichemsha masega majini, wakayakamua na kuichuja nta, ambayo baada ya reli kufika mwaka 1912 ilipata njia nyepesi ya kwenda ng’ambo. Baadaye yakaja mabani ya tumbaku. Wakulima huiita “tumbaku ya mvuke”, ingawa kinachoikausha ni hewa ya moto. Jina limeshika, wala hatuna haja ya kulipinga.

Katika kazi hizo zote joto hutoka kwenye moto, hupita katika chombo, ndipo huingia ndani ya kitu. Lugha ikatosheka na neno “moto” kwa maana mbili: maji ya moto hayana miali.

Mwaka 1940 Randall na Boot, huko Birmingham, Uingereza, walitengeneza magnetroni yenye nguvu kwa ajili ya rada. Mwaka 1945 Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, Marekani, alianza kuitumia kupikia. Wanakemia walikawia: ilikuwa mwaka 1986 ndipo makundi mawili, moja la Kanada na moja la Marekani, yalipochapisha habari za mimenyuko ya kikaboni iliyochukua dakika badala ya saa nyingi. Wengine walidhani mawimbi yana nguvu ya pekee ipitayo joto. Vipimo bora vya halijoto vimeipunguza sana dhana hiyo.

Mwalimu wa kemia wa Kitete, mjini Tabora, ana mfano karibu naye: sega. Uga wa umeme wa mawimbi hayo hugeuka mara mamilioni elfu kwa sekunde, na molekuli zenye ncha za umeme, kama za maji, huhangaika kuufuata. Mahangaiko hayo ndiyo joto. Basi asali hupata joto upesi, lakini nta, isiyo na ncha hizo za kutosha, huyeyuka zaidi kwa kuguswa na asali. Mpira nao ni mzito wa kuyapokea mawimbi mpaka uchanganywe na masizi, na ndivyo viwanda vinavyouivisha.

Kwa hiyo “kupasha moto” kwapotosha, maana moto haupo na njia ya joto imegeuka. “Kutia joto” kwatosha. Kasoro ya pili ni “mawimbi mafupi”: neno hilo tayari ni la redio, kwa mawimbi ya mita 10 hadi 100, ilhali haya ya tanuri yana urefu wa sentimita 12 hivi. Tungependelea “mawimbi ya maikro”. “Mionzi” si kosa la fizikia, lakini karani asomaye neno hilo juu ya mtambo hufikiria eksirei na urani, akawakataza watumishi kuukaribia bila sababu; nalo onyo la kweli, kwamba chombo kilichofungwa kabisa chaweza kupasuka, halisomwi.

Kwa upolimishaji wa gundi na mpira twapendekeza “kuivisha kwa mawimbi ya maikro”. Kitenzi hicho mpishi na mkulima wanacho tayari.