Okot p'Bitek na Swali la Mapadri

Wengi wetu tunamjua Okot p'Bitek kwa Wimbo wa Lawino tu, yule mke anayemsuta mume wake kwa kuiga Wazungu. Kumbe mzee huyu alikuwa pia msomi wa dini, na upande huo wa maisha yake ndio unaotuhusu zaidi sisi tuliovuka Mpondwe na kuketi mbele ya karani mwenye fomu.

Alizaliwa Gulu mwaka 1931. Alisoma huko huko Gulu, kisha King's College Budo, akawa mwalimu na mchezaji wa mpira. Mwaka 1956 timu ya taifa ya Uganda ilikwenda kucheza Uingereza. Mpira ulipokwisha, yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, halafu anthropolojia Oxford. Somo la kwanza tu pale Oxford, mwalimu akawa anawaita Waafrika washenzi. Okot akapinga, wapi! Mwalimu hakubadilika. Okot alikuja kulieleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1970, African Religions in Western Scholarship.

Ndani ya kitabu hicho kuna kisa ambacho kila mkalimani angepaswa kukijua. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwakusanya wazee wa Kiacholi wakawauliza: nani aliyewaumba? Kwa Kiacholi neno la kuumba kwa maana hiyo halikuwepo. Swali likatafsiriwa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa. Mtu si chungu, mtu anazaliwa na mama yake. Wakajibu hawajui. Mapadri hawakuridhika, wakazidi kubana. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu huzaliwa mzima, lakini akishikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, mgongo unapinda, anakuwa kibyongo. Huyo tunaweza kusema amefinyangwa, na anayemfinyanga ni Rubanga. Basi, mapadri wakapata jina. Pepo wa kibyongo akahubiriwa kanisani kuwa ndiye Mungu Baba.

Okot hakuwalaumu wageni peke yao. Aliwagombeza pia wasomi Waafrika, akiwemo John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1969. Mbiti alikusanya habari za Mungu kutoka kwa mamia ya makabila, kazi kubwa kweli. Ila Okot alisema wasomi hao wanaivika miungu ya mababu nguo za Kigiriki, eti ajuaye yote, awezaye yote, ili kuwaonyesha Wazungu kwamba na sisi tunaye. Alitaka tuanze na yale watu wenyewe wanayofanya na kuogopa.

Kwetu Wanande, na kwa ndugu zetu Wakonzo wa Bwera na Kasese, jina Nyamuhanga lilikuwepo na maana yake ni ya kuumba kweli. Waliotafsiri Biblia walilichukua. Lakini Kitasamba, mwenye milima ya Rwenzori na theluji yake, hakupata nafasi katika maswali yao.

Mimi natafsiri kwenye mahojiano, na kisa cha Rubanga nakiona kila wiki. Afisa anauliza: una watoto wangapi? Mama anajibu sita. Wawili amewazaa, wanne ni wa dada yake aliyefariki. Kwa lugha yetu hao wote ni watoto wake, yeye ni mama yao, na kusema vinginevyo mbele yao ni kuwatukana. Miezi ikipita anaulizwa kwa njia nyingine: umezaa mara ngapi? Mara mbili. Sasa faili linasema mama anajichanganya, na kwa mkimbizi neno hilo linaweza kuharibu kesi nzima. Mama hakudanganya hata kidogo. Aliulizwa maswali mawili tofauti, likaandikwa moja.

Okot mwenyewe alijua maisha ya nje. Alipoteza kazi Kampala baada ya kuikosoa serikali, akafundisha miaka mingi Kenya. Oxford ilikataa tasnifu yake ya udaktari kuhusu dini ya Waluo, akaitoa kama kitabu mwaka 1971. Alirudi Makerere mwaka 1982, na Julai ya mwaka huo akafariki, umri miaka 51.

Wakalimani wenzangu, tusione haya kusema: bosi, swali hili kwa lugha yetu ni maswali mawili, niulize lipi? Nanyi maafisa, tunaomba mtupe hizo dakika mbili. Wale wazee wa Kiacholi walisema mapema kwamba hawajui, na walikuwa wamejibu vizuri. Hakuna aliyeandika jibu hilo.