Jeraha la moyo nalo lahitaji tiba

MWANAMKE aliyepigwa na mumewe hushonwa jeraha hospitalini, hujaziwa fomu ya polisi, kisha hurudi nyumbani. Hofu, kukosa usingizi na kujilaumu hubaki. Mwaka 2013, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa wanawake waliotendewa ukatili na wenzi wao hupatwa na sonona karibu mara mbili zaidi ya wengine.

Kwa kuwa madaktari wa akili ni wachache, wengi hudhani hakuna tiba. Utafiti wa jijini Nairobi, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha vinginevyo. Ulihusisha wanawake 421 waliopitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa mafunzo na kusimamiwa, walikutana na wanawake hao mara tano, mara moja kwa wiki. Waliwafundisha kupumua taratibu ili kutuliza mwili, kukabili matatizo moja moja, kurejea shughuli walizoziacha na kutafuta watu wa kuwategemeza. Baada ya miezi mitatu, nafuu yao ilizidi ya wenzao waliopata huduma ya kawaida ya wauguzi.

Hata hivyo, mazungumzo si badala ya usalama. Anayeendelea kupigwa huhitaji kwanza mahali pa kukimbilia, wala hapaswi kuhojiwa mbele ya mumewe.