Brashi ya nywele kwa wanaume: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

KWA mwanamume anayejiandaa kwenda kazini kila asubuhi, awe mkazi wa Maili Moja mjini Kibaha au wa Kisarawe, brashi ya nywele ni kifaa kidogo. Hata hivyo, ikichaguliwa vibaya huweza kukwaruza ngozi ya kichwa.

Jambo la kwanza ni aina ya nywele. Zilizonyolewa fupi zinahitaji brashi laini. Ndefu zitanguliwe na chanuo lenye meno mapana. Ili kupima ugumu, brashi isuguliwe kwenye mgongo wa kiganja. Ikichoma hapo, itachoma na kichwani.

Jambo la pili ni malighafi. Brashi nyingi za asili hutengenezwa kwa manyoya ya nguruwe, ambayo husambaza vyema mafuta ya nywele. Kwa Waislamu, ambao ni wengi mkoani Pwani, hilo ni suala la najisi. Ni busara kusoma pakiti: neno "boar" humaanisha nguruwe. Pasipo maandishi, unyoya mmoja uchomwe moto. Wa mnyama hunuka kama kucha iliyoungua na kuacha jivu. Wa nailoni huyeyuka na kuganda.

Jambo la tatu ni usafi. Fangasi wa mapunye huweza kuambukizwa kwa kuchangia brashi, iwe nyumbani au kwa kinyozi. Kila mtu awe na yake, aioshe kwa sabuni na kuianika ikiwa imeinamishwa. Yenye mpini wa mbao isilowekwe, kwani hupasuka.